Mpiga besi wa Kikula na ampli ya wati 1,000

KIKULA, LIKASI. – Katika duka moja mjini Likasi kuna ampli ya besi ambayo baba mmoja wa Kikula huenda kuitazama karibu kila juma. Ni ya mtumba, nyeusi, na bafle yake inamfika kiunoni. Kibandiko cha mbele kinasema wati 1,000. Mwenye duka anataka dola 400. Huyu baba amekwisha kuweka 350, fedha za harusi na za matanga, dola tano tano.

Fedha hizo zina kazi nyingine inayozingoja. Binti yake mkubwa anaingia sekondari. Shule ya msingi ya serikali haikupaswa kudai karo tena tangu mwaka 2019, lakini sekondari inadai, na yunifomu na madaftari pia havinunuliwi kwa maneno.

Hakuzaliwa Kikula. Alitoka kaskazini, upande wa Mitwaba, katika miaka ile ambapo nchi yote ya kati ya Manono, Mitwaba na Pweto iliitwa pembetatu ya kifo. Siku ya kukimbia, binti huyo alikuwa mgongoni kwa mama yake. Gita la besi lilifungwa kwenye baiskeli pamoja na godoro. Ampli ya kanisa, ambayo ilihitaji watu wawili kuibeba, ilibaki pale pale ilipokuwa. Familia nyingi zilizokimbilia Likasi zinaijua hesabu ya asubuhi kama ile.

Leo anapiga besi katika korali siku ya Jumapili, na Jumamosi katika okestra ndogo ya mtaa. Ampli anayotumia ni ya mpiga piano, ya wati 30 tu. Wenzake hawakuacha kumwambia: “Yaya, besi yako haisikike. Tafuta ampli ya mukubwa.” Naye aliamini, kwa sababu hata yeye hakujisikia.

Kabla ya kutoa fedha, alipita kwa mzee mmoja anayetengeneza redio karibu na soko. Mzee hakumwuliza bei. Alimwuliza: “Nyuma ya ile ampli imeandikwa inakula wati ngapi za umeme?” Hakujua. Alirudi dukani, akaigeuza, akasoma: wati 120.

Mzee akacheka. Ampli haiwezi kutoa kwa muda mrefu nguvu kuliko ile inayopokea ukutani. Wati 1,000 za kibandiko ni zile zinazoitwa PMPO, hesabu ya wauzaji tu. Wati za kweli ni zile zinazoandikwa RMS, na kwa ampli ile hazikuweza kufika hata 120, maana sehemu ya umeme hupotea kuwa joto.

Lakini hata kama zingekuwa za kweli? Mzee alichukua kalamu. Ukizidisha wati mara mbili, kutoka 100 hadi 200, unapata desibeli 3 tu. Sikio linaona tofauti, lakini ndogo. Ili watu wasikie sauti kama imekuwa mara mbili, wati zinapaswa kuzidishwa kama mara 10. Ndiyo maana mtu anaweza kulipa bei maradufu na wasikilizaji wasijue kama kuna kilichobadilika. Bafle yenyewe, kama spika zake ni nzuri au zimechoka, mara nyingi inapita wati.

Hata hivyo mzee hakumdanganya kwamba besi ni sawa na gita la kawaida. Uzi wake mnene kabisa unatetemeka mara 41 kwa sekunde, nusu ya ule wa gita, ambao ni mara 82. Sikio la binadamu halizisikii vizuri sauti za chini hivyo, na spika inapaswa kusukuma hewa nyingi ili zitoke. Mpiga besi anahitaji nguvu mara kadhaa kuliko mpiga gita aliye kando yake. Katika hilo wenzake hawakukosea.

Jumamosi iliyofuata mzee alikwenda mwenyewe kwenye uwanja wa mazoezi. Ampli ya wati 30 ilikuwa chini, karibu na miguu ya mpiga besi, mgongo umegusa ukuta. Mzee alitembea hatua kumi na tano mbele, akasimama. Huko besi ilisikika, tena ilivuma vibaya. Kwa mwenyewe haikusikika kwa sababu spika ilikuwa inaimbia magoti yake.

Waliipandisha juu ya kreti la bia, wakaiinamisha kidogo nyuma, itazame masikio. Wakaitoa ukutani, kwa kuwa ukuta na sakafu huongeza mvumo. Wakapunguza sauti za chini kabisa na kuongeza zile za katikati, maana sikio huitambua noti ya besi pia kwa sauti za juu zinazozaliwa nayo. Tayari ilikuwa kitu kingine.

Kisha mzee akamgeukia mpiga piano: “Mkono wako wa kushoto unapiga nini?” Ulikuwa unapiga noti zile zile za besi, mwanzo hadi mwisho wa wimbo. Aliombwa aupumzishe. Mpiga gita naye akashusha sauti kidogo. Kwa mara ya kwanza besi ikasimama peke yake katikati ya wimbo, na hakuna aliyekuwa ametoa hata faranga moja.

Jambo la mwisho lilikuwa waya. Okestra hukodi sono kwa harusi kubwa, lakini waliitumia kwa waimbaji peke yao. Kwa kisanduku kidogo kinachoitwa DI, besi inaingia kwenye meza ya sauti kama maikrofoni yoyote, na bafle za sono ndizo zinazoipeleka kwa watu. Ampli inabaki kazi moja: mpigaji ajisikie. Hata wakubwa wa dunia walifanya hivyo. James Jamerson wa Motown, huko Detroit, alichomeka besi yake moja kwa moja kwenye mitambo ya studio. Na zile ampli kubwa sana, kama Ampeg SVT ya wati 300 iliyotoka mwaka 1969, zilitengenezwa wakati ambapo sono ilibeba hasa sauti za waimbaji, na besi ilipaswa kujitegemea jukwaani.

Likasi yenyewe ina ushahidi wake. Mwaka 1952, mji ukiitwa bado Jadotville, Hugh Tracey alimrekodi hapa Jean Bosco Mwenda, mtoto wa Bunkeya, akiwa na gita moja lisilo na umeme. Besi ilikuwa ni kidole gumba chake. Na vijana wa Lubumbashi wanaopiga karindula hupata sauti nzito kwa pipa, ngozi ya mbuzi na nyuzi nne. Muziki wao ulitoka kwenye diski mwaka 2011.

Lakini kuna mahali ambapo wati 30 hazitoshi, na mzee alisema wazi. Ni uwanja wa wazi, ngoma zikipigwa kwa nguvu, watu mia mbili, na hakuna sono. Nje, kila umbali ukizidi mara mbili sauti inapungua kwa desibeli 6, na kuirudisha kunataka nguvu mara nne. Hapo mpiga besi anahitaji wati 200 au 300 za kweli na bafle nzuri. Anahitaji pia jenereta inayoweza kuibeba pamoja na piano na taa, la sivyo umeme utayumba kila noti nzito inapopigwa. Kwa siku kama hizo, okestra imekubaliana kukodi pamoja, badala ya mtu mmoja kubeba mzigo huo kwa fedha za nyumba yake.

Anayetaka kununua, basi, asome kwanza maandishi ya nyuma, atafute neno RMS, aisikilize ampli pamoja na mpiga ngoma, wala si dukani peke yake, na ajiulize ataibeba kwa nini: mkononi, kwenye pikipiki, au kwa pusupusu ya kulipia kila Jumamosi.

Baba wa Kikula alinunua waya mzuri na kisanduku cha DI. Fedha nyingine zilikwenda kwenye karo, na binti ameanza masomo akiwa na yunifomu yake. Ampli nyeusi ingali dukani. Akipita mjini, bado husimama kidogo kuitazama.