Kelele Zilizofunika Enanga

Kabla Kyerwa haijawa wilaya mwaka 2012, sote tulikuwa Karagwe, na waliorekodi kwaya na masimulizi walitumia kaseti. Kaseti ilikuwa na mchakacho wake wa "shhh" nyuma ya kila wimbo, na hakuna aliyeulalamikia. Kwaya iliimba kwa nguvu, mambo yakaenda.

Kompyuta zilipofika Kayanga na Omurushaka, masikio yetu yalibadilika. "Shhh" ya kaseti ilitoweka, na kelele nyingine zote zikawa wazi. Niliuona ubaya wake hasa tulipoanza kurekodi enanga. Sauti ya ala hiyo ya nyuzi ni ya chini. Mzee akiipiga huku akisimulia kwa Kinyambo, kelele ndogo tu kwenye hedifoni inatosha kumfunika.

Siku hizo tulishuku waya kwanza. Tulisafisha tundu, tukazungusha pini, tukachomea upya kwa lehemu. Mara nyingi ilisaidia, maana hedifoni za bei nafuu hukatika waya karibu na pini. Lakini kulikuwa na mvumo mzito usiosikia lehemu. Siku moja kule Nkwenda umeme ulikatika katikati ya kazi. Laptopu ikaendelea kwa betri, na mvumo ukakoma papo hapo. Tukasikia hata ukucha wa mzee ukigusa uzi. Kumbe kelele iliingia kupitia chaja: umeme wetu hutetemeka mara 50 kwa sekunde, na chaja isiyo na waya wa ardhi huweza kupenyeza mtetemo huo kwenye sauti. Tangu hapo, kabla ya kugusa waya wowote, nachomoa chaja.

Baadaye chanzo kikahamia ndani ya mipangilio. Katika Windows, kikuza sauti cha maikrofoni kikipandishwa hadi desibeli 20 au 30, hukuza na "shhh" pamoja na sauti. Nakishusha, kisha namsogeza mzee karibu na maikrofoni. Nazima pia madoido ya sauti ambayo kompyuta hujiwekea yenyewe.

Siku hizi vijana huja na hedifoni za bluetooth. "Shikamoo mzee, sauti imekuwa kama ya simu." Marahaba, mwanangu; ni kweli ni ya simu. Programu ikiitumia maikrofoni ya hedifoni hizo, bluetooth mara nyingi huhamia hali ya mazungumzo na ubora hushuka. Chagua maikrofoni ya laptopu, muziki utarudi.

Wewe mwenye kompyuta na mzee anayejua enanga, usingoje studio. Vaa hedifoni, sikiliza chumba kikiwa kimya kabla hajaanza, na badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja ili ujue kilichoponya. Programu za kusafisha sauti zipo, lakini kelele ikishaingia ndani ya sauti ya mzee, haitoki bila kuondoka na sehemu ya sauti yenyewe.