Kabla ya gundi, kuna kazi

Binti yetu ana miaka 21. Alipovunjika jino la mbele, mimi na baba yake tulijikusanya tukamlipia kipande chembamba cha kauri, kile kinachobandikwa juu ya jino. Kilidumu wiki sita tu. Kiling'oka akila mhogo na wenzake chuoni. Tangu siku hiyo akawa anaziba mdomo kwa kiganja kila anapocheka, na kupigiwa simu ya video akawa hataki.

Ahueni ni kwamba alikiokota kikiwa kizima, akakitunza. Baba yake alitaka kukirudisha kwa gundi ya dukani. Nikakataa, gundi ile si ya kinywani. Tukaenda kwa daktari mwingine wa meno. Alikigeuza chini ya taa, akatuita tuangalie.

"Mama, gundi yote imebaki kwenye jino. Upande wa ndani wa kauri ni mtupu, laini kama kikombe. Jino lilishika, kauri ndiyo haikushika."

Akatueleza kwa lugha ya nyumbani. Gundi haishiki kitu kinachoteleza. Ganda la nje la jino hupakwa asidi ya fosforiki kwa sekunde chache, likapata vitundu visivyoonekana kwa macho, gundi ikaingia humo na kukaza. Mmarekani Michael Buonocore aliionyesha njia hiyo mwaka 1955, na hadi leo inatumika.

Kauri yenye asili ya kioo nayo ina maandalizi yake. Hupakwa asidi ya haidrofloriki ikiwa nje ya kinywa, kisha husuuzwa vizuri kwa sababu asidi hiyo ni ya hatari. Halafu hufuata dawa iitwayo sileni, ambayo ni daraja kati ya kauri na gundi. Zirkonia ni kauri ngumu isiyo na kioo, kwa hiyo asidi hiyo haisaidii kitu. Yenyewe hupulizwa kwa chembe za alumina, kisha ikapakwa dawa yake maalumu. Na kauri yoyote ikishajaribishwa mdomoni lazima isafishwe tena, maana mate kidogo tu huharibu kazi.

Daktari aliondoa masalia ya gundi, akalitenga jino na mate kwa mpira mwembamba, akaanza upya hatua kwa hatua. Tulikaa zaidi ya saa moja. Kubandika kwenyewe kulikuwa dakika chache.

Mzazi mwenzangu, kabla hujalipa, uliza mambo matatu. Hii ni kauri ya aina gani? Upande wake wa ndani utaandaliwaje? Jino litakingwaje na mate? Daktari anayeijua kazi yake hachukii kuulizwa. Na kipande kikitoka, usikitupe wala usikikwangue. Gundi iliyobaki ndiyo itakayoonyesha ni upande upi ulioachia.