Keki za vikombe, miezi miwili na mifungo miwili

Wadau, nimekuwa kimya kidogo, kazi za gazetini zilinibana. Leo siasa nimeiweka pembeni, naomba tuongee keki. Ndiyo, keki. Zile ndogo za vikombe ambazo ukipita uswahilini siku ya Idi lazima ukutane na mtoto kabeba sahani iliyofunikwa kitambaa, anatembea kama askari wa gwaride ili zisimdondoke.

Wengi wa rika langu siku hizi wananunua. Unapiga simu, dada mmoja anakutengenezea dazeni zenye krimu ya rangi, bodaboda analeta mlangoni. Sina ugomvi nao, wenzetu wanaishi kwa biashara hiyo. Ila keki ya krimu ina tatizo moja: haitembei. Jaribu kuigawa nyumba nane za mtaa mmoja wa Tandika saa sita mchana uone itakavyofika. Keki ya nyumbani imekauka juu, imepasuka kidogo katikati, inanukia iliki, na unazipanga kumi kwenye sahani moja bila wasiwasi. Imezaliwa kwa ajili ya kutumwa.

Kipimo cha mama ni rahisi: robo kilo ya siagi, robo ya sukari, robo ya unga, mayai manne. Kijiko kidogo cha bekingi pauda, iliki ya kutwanga, ganda la limau lililoparuzwa. (Siagi kwa mangi wa mtaani maana yake ni Blue Band, hata kama kopo limeandikwa jina jingine.) Kazi iko kwenye kupiga siagi na sukari kwa mwiko mpaka vigeuke vyeupe, maana hapo ndipo hewa inapoingia. Bekingi pauda inavikuza tu vile vipovu ambavyo mkono wako umeshaviweka. Ukiona uvivu hapo utakula matofali. Mayai yanaingia moja moja, unga mwisho, na ukishatia unga usikoroge sana, keki itakuwa ngumu.

Bega la mama lilianza kumsumbua, dada zangu wako kwa waume zao, kwa hiyo mwiko nilikabidhiwa mimi. Majirani walicheka sana mwaka wa kwanza. "Mwandishi wa habari anapiga keki!" Sasa wamezoea, wanakuja tu kuuliza kama zimeiva.

Oveni hatuna. Tuna jiko la mkaa, sufuria kubwa yenye mchanga mkavu chini, vikombe 24 vya bati, na mkaa mwingine unapangwa juu ya mfuniko. Mchanga unasambaza joto, mkaa wa juu unaleta rangi. "Moto wa juu uwe mwingi, wa chini uwe kidogo, baba," mama ananiambia kila mwaka kana kwamba ni habari mpya. Kinyume chake, chini inaungua na juu bado ni uji. Kupima unachoma kwa chelewa ya ufagio (ufagio mpya, jamani). Ikitoka kavu, epua.

Mei 2024 serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034. Naunga mkono, moshi umewaumiza mama zetu vya kutosha. Lakini jiko letu la mtungi wa gesi halina moto wa juu, na mama amenituma nimuulize waziri hilo siku nikikutana naye.

Shida kubwa ya keki za Idi si moto, ni mwezi. Hujui uoke lini. Kila mwaka mhariri ananitaka niandae habari mbili, moja ya sikukuu kesho, nyingine ya mfungo kuendelea, halafu tunasubiri tangazo la Mufti. Mama naye anasubiri tangazo hilohilo, mayai yakiwa kwenye bakuli.

Mwaka 2025 tulipata yote kwa pamoja. Jumamosi usiku, Machi 29, simu zikaanza kuita: Saudi Arabia mwezi umeandama. Baba mdogo, ambaye anafuata mwezi popote ulipoonekana, akasema kesho anasali Idi na atapita nyumbani na wanawe. Sisi tunafuata tangazo la hapa, na kitaifa sikukuu ilikuja kuwa Jumatatu, Machi 31. Mama hakubishana na mtu. Tukaoka usiku uleule, awamu mbili, keki 48.

Jumapili mchana baba mdogo kaketi kwenye mkeka uani anakula keki na chai, wanawe wamevaa kanzu mpya, sisi midomo imekauka. Mdogo wangu akanung'unika. Mama akamkatiza: "Muache, yeye mwezi wake umeandama." Kisha akalifunika sinia kwa kanga ili sisi tusilitazame sana.

Jumatatu zamu ya sahani ikafika. Jirani yetu wa nyumba ya nyuma ni Mkatoliki, na mwaka ule Kwaresima ilianza Machi 5, kwa hiyo tulikuwa tumefunga naye karibu mwezi mzima. Yeye alikuwa ameacha vitu vitamu mpaka Pasaka. Mdogo wangu akashauri tusimpelekee, tutamjaribu bure. Mama akamtazama. "Mwenzako akifunga ndiyo unamruka? Sisi tulipofunga maji alituchotea nani?"

Nikaipeleka mwenyewe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mwambie mama asante sana, watoto watakula na yangu."

Sahani ilirudi Alhamisi ikiwa na maembe matatu, kwa sababu sahani hairudi tupu. Aprili 19, mkesha wa Pasaka, akaja kuazima vikombe na kuuliza habari ya mchanga. Kesho yake mchana mwanawe akaleta keki sita zenye karanga juu. Mama alikula mbili na chai ya rangi. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba iliki haikutosha, kisha akanituma nikaulize zile karanga alizibandika vipi zisiungue na ule moto wa juu.