Civitavecchia na Giglio: Msafiri wa Meli Adai Nini?

Aendaye Roma kwa njia ya bahari hashukii Roma. Meli kubwa hukomea Civitavecchia, mji ulio pwani, kilometa 70 hivi upande wa kaskazini-magharibi. Sisi tulitoka Roma kwa treni, tukapandia katika stesheni ndogo ya San Pietro, karibu na Vatikano. Baada ya muda usiofika saa moja na nusu bahari ilionekana upande wa kushoto, buluu na tulivu, na mbele yake tuliona vitu vyeupe virefu kama majumba ya ghorofa yaliyopangwa mstari mmoja. Hayakuwa majumba. Zilikuwa meli.

Bandari hii ni ya zamani sana. Kaisari Trajano aliijenga mwanzoni mwa karne ya pili, na baadaye ikawa bandari ya Mapapa, wakati walipotawala nchi za Italia ya kati. Ngome yenye kuta nene ingali inasimama kando ya maji. Ilianza kujengwa mwaka 1508 kwa amri ya Papa Julio wa Pili, na watu huiita Ngome ya Michelangelo. Mwaka 1615 walishuka hapa wajumbe waliotoka Japani ya mbali. Hata leo liko mjini kanisa la Wafiadini wa Japani, na ndani yake Bikira Maria amechorwa akiwa amevaa kimono, yaani vazi la wanawake wa nchi ile. Basi, tangu kale Civitavecchia imezoea kupokea wageni.

Lakini wageni wa siku hizi ni wengi kupita wa zamani zote. Katika mwaka 2023 pekee walipita hapa abiria zaidi ya milioni 3 wa meli za matembezi. Wasomaji wetu wa pande za Kivu na Tanganyika wanajua meli: mtu huipanda kwa sababu anataka kufika ng'ambo. Meli ya matembezi si hivyo. Watu huipanda ili wakae ndani yake, wale, walale, wasikilize muziki, washuke mchana kutazama mji, kisha warudi jioni na kuamka kesho mbele ya mji mwingine. Kubwa zake ni za ajabu. Ile iitwayo Icon of the Seas, iliyoanza safari zake Miami, Marekani, mwezi wa Januari 2024, ina urefu wa mita 365, nayo yaweza kuchukua abiria hadi 7,600 na watumishi 2,350. Hicho si chombo tu, ni mji unaoelea.

Sasa tujiulize: mtu aliyelipa fedha nyingi kwa safari ya namna hiyo anatazamia nini? Tulikaa kitambo mahali paitwapo Largo della Pace, panapokusanyika mabasi ya bandari, tukawatazama watu. Huyu alilalamika kwamba sanduku lake halijafika chumbani. Yule alitaka chumba chenye dirisha. Bibi mmoja mzee aliuliza kwa upole kama daktari yumo melini. Kila mmoja alishika karatasi zake mkononi, lakini tulimwona mmoja tu aliyezisoma.

Hapo ndipo tabu huanza, maana tikiti ya meli ni mkataba, na mkataba una pande mbili. Abiria anasoma picha nzuri zilizo mbele; masharti, yaliyoandikwa kwa herufi ndogo nyuma, anayaacha. Tutaje matatu tu.

La kwanza ni saa. Kutoka Civitavecchia hata Roma na kurudi ni safari ya saa nyingi, na meli huwaamuru watu wote wawe ndani nusu saa au hata saa nzima kabla ya kung'oa nanga. Wale waliokwenda Roma kwa basi la meli yenyewe, kwa kawaida wanangojewa likichelewa. Waliokwenda peke yao hawangojewi. Jioni ile tuliona mume na mke wakija mbio huku wamebeba vifurushi vya zawadi. Gati lilikuwa tupu, na meli yao ilikuwa imekwisha kugeuza pua yake kuelekea baharini. Mume alipiga kelele kwamba wenye meli ni wakatili. Mkewe aliketi juu ya ukingo wa mawe asiseme neno. Sisi tuliwahurumia, kwani iliwabidi kuifuata meli mpaka bandari nyingine kwa gharama yao wenyewe. Hata hivyo, je, ingekuwa haki watu elfu tatu wawangojee wawili?

La pili ni bandari zenyewe. Wengi hufikiri kwamba wakiandikiwa miji sita, watafikishwa katika miji sita. Sivyo. Nahodha ana mamlaka ya kuacha bandari upepo ukiwa mkali au kukiwa na hatari yoyote, na mara nyingi abiria hurudishiwa ushuru wa bandari ile tu. Wako wanaokasirika sana kwa sababu hiyo. Lakini nahodha anayeogopa manung'uniko ya abiria kuliko mawimbi, huyo ni nahodha wa kuogopwa.

La tatu ni bakshishi. Katika meli nyingi za makampuni ya Kimarekani, kila abiria huongezewa kila siku kiasi fulani cha fedha kwa ajili ya watumishi, naye asiyejua hushtuka aonapo hesabu siku ya mwisho. Ni haki yake kuelezwa mapema. Lakini na akumbuke ni nani wanaotandika kitanda chake. Wengi wao ni Wafilipino, Waindonesia na Wahindi, walioacha watoto wao nyumbani kwa miezi sita, nane, au zaidi. Mapatano ya mataifa juu ya kazi za mabaharia, yaliyoanza kushika nguvu mwaka 2013, yanaagiza wapate angalau saa 10 za kupumzika katika kila saa 24, na saa 77 katika siku saba. Hesabuni wenyewe, wasomaji, mtaona kazi inayobaki ni nyingi kiasi gani. Kwa sababu hiyo chama cha Stella Maris, kilichoanzishwa Glasgow mwaka 1920, huwapeleka mapadri na walei bandarini kuwatembelea mabaharia. Anayemfokea mtumishi wa chumba kwa ajili ya taulo ajue anamfokea baba au mama wa watu.

Haya yote, saa, bandari na bakshishi, ni mambo ya raha na fedha. Liko jambo moja lililo kubwa kuliko hayo, na ili kulielewa hatuna budi kuondoka Civitavecchia na kuelekea kaskazini.

Tulipanda treni tena hadi Orbetello, kisha basi mpaka Porto Santo Stefano, na huko tukaingia kivuko. Baada ya saa moja tulifika Giglio, kisiwa kidogo cha mawe, chenye wenyeji 1,400 hivi. Bandari yake ni kama bakuli: nyumba za rangi ya waridi na manjano zimezunguka maji, mashua za wavuvi zinatikisika, na juu mlimani kuna kijiji cha kale chenye kuta. Maji ni maangavu hata twaona mawe ya chini. Mgeni asiyejua habari yake angesema hapa hapajawahi kutokea baya lolote.

Siku ya Ijumaa, tarehe 13 Januari 2012, meli ya matembezi iitwayo Costa Concordia iliondoka Civitavecchia jioni, nayo ilikuwa na watu 4,229. Nahodha Francesco Schettino aliipitisha karibu mno na kisiwa hiki, kana kwamba ni kukisalimu. Saa 3.45 usiku, abiria wakiwa mezani, ubavu wake ulipasuliwa na miamba, mpasuko wa zaidi ya mita 50. Taa zikazimika. Abiria walitangaziwa kwamba ni hitilafu ya umeme tu, na wengine waliambiwa warudi vyumbani. Amri ya kuiacha meli haikutolewa mpaka ilipopita zaidi ya saa moja. Wakati huo meli ilikuwa imeinama, hata mashua nyingine za kuokolea zilikuwa ngumu kushushwa. Watu 32 walikufa. Nahodha, aliyetoka melini abiria wengi wakiwa bado ndani, alihukumiwa mwaka 2015 kifungo cha miaka 16.

Usiku ule wenyeji wa Giglio walifungua nyumba zao, shule yao na kanisa lao. Watu wachache wa kisiwa walipokea maelfu, waliolowa na kutetemeka kwa baridi. Hakuna aliyeulizwa kama amelipa. Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema wazee wetu. Hapa mwenyeji ndiye aliyemponya mgeni. Mzoga wa meli ulilala mbele ya bandari mpaka uliposimamishwa Septemba 2013, na mwezi wa Julai 2014 ukakokotwa mpaka Genova.

Sasa tazameni neno hili. Abiria karibu 700 waliopandia Civitavecchia siku ile walikuwa hawajafanya zoezi la kujiokoa: hawajaonyeshwa mahali pa kukusanyika, wala mashua ya kuingia. Zoezi lilipangwa kufanywa kesho yake. Tena kwa jambo hilo sheria haikuvunjwa, kwani wakati ule iliruhusu zoezi lifanywe katika saa 24 tangu kupanda. Kwa watu hao, kesho yake ilichelewa.

Twaona basi ni utumishi gani msafiri anaodaiwa kwanza. Chakula ni kizuri, tabasamu ni nzuri, shuka safi ni nzuri. Lakini mtumishi anayekuambia kwa adabu nyingi urudi chumbani kwako, hali meli inazama, hakukutumikia. Labda naye alidanganywa na wakubwa wake. Kitu cha kwanza anachostahili abiria ni kweli, nayo aipewe upesi.

Mataifa yamejifunza, ingawa kwa bei kubwa. Tangu tarehe 1 Januari 2015 sheria ya mataifa inaagiza zoezi lifanywe kabla meli haijaondoka au mara inapoondoka. Honi inalia mara saba kwa ufupi na mara moja kwa urefu, na kila mtu aende mahali pake. Vilevile, tangu Desemba 2012, sheria ya Umoja wa Ulaya inadai kwamba meli ikichelewa kuondoka, abiria waelezwe upesi, isipite nusu saa baada ya saa iliyopangwa. Upande wa Marekani, mwezi wa Februari 2013, meli iitwayo Carnival Triumph ilishikwa na moto katika mitambo yake kwenye Ghuba ya Meksiko. Watu zaidi ya 4,000 walikaa siku kadhaa vyoo vikiwa havifanyi kazi, mpaka meli ilipokokotwa kufika Mobile, Alabama. Miezi michache baadaye chama cha makampuni ya meli za matembezi kilitangaza haki kumi za abiria. Kati yake zimo hizi: kupata habari kwa wakati; kuwa na daktari katika meli ziendazo mbali; kushuka katika meli iliyofunga gatini ikiwa chakula, maji na vyoo haviwezi kupatikana; na kurudishiwa fedha zote safari ikifutwa kwa sababu ya ubovu wa mitambo.

Lakini sheria haiwezi kumsikilizia mtu asiyetaka kusikiliza. Hata baada ya Giglio, wapo wasafiri wanaonung'unika honi ya zoezi inapolia, kwa kuwa inawakatizia kinywaji chao. Watu hao hao watasimama saa nzima kudai fedha ya picha isiyotoka vizuri. Tunadai kwa sauti kubwa yale madogo, na lile kubwa tunalipokea kama usumbufu.

Wasomaji wapenzi, pengine wengi wetu hatutapanda kamwe meli zile nyeupe. Lakini maji ni maji. Tarehe 3 Oktoba 2024 mashua iliyotoka Minova, imejaa watu na mizigo kupita kiasi, ilipinduka karibu kabisa na Kituku, Goma, mbele ya macho ya ndugu waliokuja gatini kupokea watu wao. Watu wengi walikufa pale pale walipotazamia kushuka. Hakuna aliyetafuta matembezi siku ile. Walitafuta riziki tu. Je, haki ya uhai ni ya wenye fedha peke yao? La hasha. Mama anayepeleka viazi sokoni Goma anastahili jaketi la kuelea kama vile bibi wa Ulaya anayekwenda kutazama Roma.

Basi, tunapofika gatini, tusione haya kuuliza kabla ya kulipa: Jaketi la kuelea liko wapi, na langu ni lipi? Chombo kimeruhusiwa kubeba wangapi, nao wangapi wamekwisha kuingia? Upepo ukianza, nani ataamua kurudi? Tuulize kwa adabu, kwani nahodha ni mkubwa wa chombo. Lakini asipotaka kutujibu, amekwisha kutujibu. Tuchukue mizigo yetu, tungojee chombo kingine, na watoto wetu tuwashike mkono.