Jumba la Sultani na Pindo la Gauni la Harusi

Leo sina mtindo mpya wa shela wala wa hina. Nataka tuzungumze kuhusu jumba.

Mimi ni fundi cherehani hapa Kayanga, Karagwe, na bibi harusi wengi ninaowashonea wanatoka hapa na wilaya ya jirani, Kyerwa. Mume wangu kwao ni Kilwa Masoko. Tukienda kuwasalimia wakwe, huvuka kwa mashua hadi Kilwa Kisiwani, na huko sirudi bila kufika Husuni Kubwa.

Husuni maana yake ngome, ila hii ilikuwa kasri. Sultani al-Hasan bin Suleiman aliijenga mwanzoni mwa miaka ya 1300, juu ya genge linalotazama bahari, kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Ilikuwa na vyumba zaidi ya 100 na bwawa la kuogea lenye pembe nane. Mali ilikuwepo, maana dhahabu ya Sofala ilipitia Kilwa. Ibn Battuta alifika mwaka 1331 akamsifu sultani kwa ukarimu. Lakini wachimbuzi wa mambo ya kale wanasema jumba lile halikumalizika, wala halikukaliwa muda mrefu. Msikiti Mkuu, ulioanza kujengwa karne ya 11, ndio uliosaliwa vizazi kwa vizazi.

Leo mvua inateremka gengeni na udongo wake. Vichaka vinapunguza kasi ya maji, lakini mizizi yake inapasua kuta. Kule ufukweni kuna Gereza, ngome ya Wareno ya mwaka 1505 iliyojengwa upya na Waomani, na huko mawimbi yamekula ukuta. Mwaka 2004 UNESCO iliyaweka magofu ya Kilwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Zikajengwa kinga za mawimbi, ikapandwa mikoko, kuta zikakarabatiwa, na mwaka 2014 yakatolewa kwenye orodha hiyo.

Sisi wa milimani jambo hili tunalijua. Mama wa Karagwe hutandaza nyasi chini ya migomba ili mvua isiondoke na udongo. Na fundi anajua kwamba gauni huanza kuchakaa kwenye pindo, pale linapoburuzika, wakati watu wote wanatazama lesi ya kifuani.

Karibuni alinijia binti kutoka Nkwenda na picha kwenye simu. Shela lenye mkia mrefu, shanga mpaka chini. Nikampigia hesabu: laki nane. Akasema atakopa kwenye kikundi, mchumba wake atalipa baada ya harusi. Mchumba ni wa bodaboda, na pikipiki yenyewe bado ina deni. Kazi ile ningeipenda, maana msimu ulikuwa mbaya. Nikamsimulia habari ya Husuni Kubwa, kisha nikamuuliza, "Mwezi wa pili wa ndoa, mtakula nini?"

Alinyamaza. Siku ya tatu akarudi, tukashona gauni la satini, la heshima, kwa pesa aliyokuwa nayo mkononi. Mama yake alikasirika, na hadi leo akipita dukani kwangu salamu ni ya mbali. Nimekubali.

Sisemi bibi harusi asipendeze. Mimi mwenyewe naishi kwa kupendezesha watu. Ila kabla hujachagua kitambaa, kaa na mwenzako mjue kodi inatoka wapi, deni lipo kiasi gani, na mkikosana nani atawapatanisha. Hayo ndiyo mikoko ya nyumba. Hayapigwi picha, lakini wimbi likija ndiyo yanayolipokea.

Allah awajaalie wote wanaoolewa mwaka huu nyumba zenye utulivu, mapenzi na huruma. Amin.