Siwa Ndani ya Kioo

Tulipowapeleka binti zetu katika Makumbusho ya Lamu, tulisimama kitambo mbele ya siwa mbili: ya Pate, iliyochongwa kwa pembe za ndovu, na ya Lamu, iliyosubiwa kwa shaba. Alhamdulillahi, zimehifadhika. Lakini siwa ni ya kupigwa. Zamani ilivuma watu wakubwa walipotawazwa na walipooza. Ndani ya kioo umbo limebaki, sauti imenyamaza.

Hilo si kosa la makumbusho. Kazi yake ni kutunza vitu. Kutunza ujuzi ni kazi yetu. Mji wa Kale wa Lamu uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, na thamani yake si mawe na milango ya nakshi peke yake, bali ni kwamba watu wangali wakiishi humo kwa desturi zao. Kofia za viua zingali zikishonwa, na mikeka ingali ikisukwa.

Basi, kina mama wenzetu, tuwapeleke watoto wakaone. Kisha, tukirejea nyumbani, tuwape sindano na ukindu, tuwafundishe wangali wadogo, inshaallah, kabla wajuzi wetu hawajatangulia mbele ya haki.