Jina Nyuma ya Picha

Juzi nilimwagiza kijana anayejifunza kazi kwetu anitafutie picha ya makala ya wakulima wa mwani wa Paje. Chai yangu haijapoa, karudi na kompyuta mkononi: mama kasimama kwenye maji ya magoti, khanga imelowa, jua linachungulia begani kwake. Picha nzuri, hilo silikatai. Nikamwuliza, "Huyu mama anaitwa nani?"

Akaitazama skrini, kisha akanitazama mimi. "Mzee, wameandika ni mwanamke wa Kiafrika."

Hapo ni Paje au Jambiani? Ni Unguja kweli? Hakujua, wala hakuona kwa nini ajue. Aliyezaliwa baada ya makabati kufungwa atajuaje kwamba picha iliwahi kuulizwa maswali?

Kabati ninalolisema lilikuwa kwenye chumba cha picha cha gazeti nililoanzia kazi, Dar es Salaam, mwisho wa korido, ukuta mmoja na chumba cha giza. Mwenye chumba alikuwa mama wa Kibondei, mfupi, mwenye sauti ya chini, na hata mhariri mkuu alibisha hodi kwake. Unaamkia, unakaribishwa kiti, ndipo unaeleza shida yako. Ukisema unataka picha ya soko, yeye anaanza: Soko lipi, mwanangu? Kariakoo? Kariakoo ya mabanda ya zamani, au ya jengo la Beda Amuli? Asubuhi wakati wa kushusha mizigo, au jioni? Ulitoka pale ukiijua makala yako kuliko ulivyoingia.

Kisha anavuta droo. Bahasha za kaki zimepangwa kwa watu, kwa mahali na kwa matukio. Ndani ya kila bahasha mna vipande vya negativu, na karatasi yenye picha ndogondogo za mkanda mzima, unazozipitia kwa kioo cha kukuzia. Nyuma ya kila picha iliyosafishwa, kwa kalamu ya risasi, limeandikwa jina la aliyepigwa, jina la baba yake, kijiji, tarehe na mpiga picha. Muuza samaki wa Feri alikuwa na jina pale sawasawa na waziri. Mpiga picha aliyerudi safari na mkanda usio na majina hakupokelewa. Alirudishiwa mkanda wake, akatafute majina kwanza. Oktoba ile ya msiba wa Mwalimu Nyerere, kila mtu alipohitaji picha zake usiku uleule, mama yule alitoa bahasha moja baada ya nyingine bila kufungua daftari, na kila sura iliyosimama kando ya Mwalimu aliijua ni ya nani.

Mpaka leo nikisikia harufu ya siki hukumbuka chumba kile. Baadaye sana nilisoma kwamba harufu iliyojaa kwenye droo zile ilitoka kwenye negativu zenyewe: filamu ya asetati, ikikaa kwenye joto na unyevu, huoza taratibu na kutoa asidi ileile iliyomo kwenye siki. Tuliivuta kila siku, nayo ilikuwa harufu ya kumbukumbu zetu zikifa. Wenye uwezo walijihami. Hazina ya Otto Bettmann, aliyetoroka Ujerumani mwaka 1935 na masanduku ya picha hadi New York, ilinunuliwa na Corbis, kampuni ya picha ya Bill Gates, mwaka 1995, kisha ikahamishiwa ndani ya mgodi wa zamani wa mawe ya chokaa huko Pennsylvania, kwenye baridi ya chini ya sifuri. Bahasha zetu sisi, ofisi ilipohama, zilipakiwa kwenye lori zikarundikwa kwenye stoo yenye paa linalovuja. Jambo hilo linaniuma hadi leo.

Nafasi ya makabati ilichukuliwa na kampuni za kuuza picha mtandaoni, na tarehe zake nimezihakiki. Corbis ilianza 1989, Getty Images 1995, iStockphoto 2000 kule Calgary, Shutterstock 2003. Basi, ziishie hapo. Kwetu mambo yalianzia intaneti kafe, picha ikishuka mstari kwa mstari, anga kwanza, halafu paji la uso, na muda uliolipia ukiisha kabla kidevu hakijafika. Ukiandika Tanzania uliletewa tembo, mlima na machweo. Mkongo wa baharini ulipofika mwaka 2009, picha zikafunguka papo hapo, ukurasa baada ya ukurasa, ndogondogo kama stempu, kila moja imepigwa jina la tovuti katikati ili usiichukue bila kulipa.

Nitakuwa mwongo nikisema hatukufaidika. Gazeti dogo lililohitaji picha ya kirusi chini ya hadubini, au ya sayari ya Zohali, liliipata mchana huohuo. Lakini bei ilianguka. Kwa iStockphoto picha ilipatikana hata kwa dola moja, Getty ikainunua kampuni hiyo mwaka 2006 kwa dola milioni 50, na wahasibu wetu nao wakapiga hesabu zao: ya nini nauli ya boti, posho na malazi ya mpiga picha Unguja? Wapiga picha wakahamia kwenye harusi. Simu zikaja, Unsplash ikaja na picha za bure, na sasa zipo zinazotengenezwa na kompyuta bila mtu yeyote kusimama mbele ya kamera.

Linaloniudhi zaidi ni kwamba mara nyingi jina lipo. Mtu akipigwa picha ya kuuzwa kwa matangazo, tovuti hizi hudai fomu ya ridhaa yenye jina lake kamili na sahihi yake. Fomu hubaki huko huko. Mnunuzi huoneshwa maneno ya kutafutia tu: mwanamke, Afrika, kazi, furaha. Mama asiye na jina huuzika kwa benki leo, kwa hospitali kesho, kwa bango la semina keshokutwa. Biashara imejengwa hivyo. Lakini gazeti si tangazo. Tovuti kubwa zina sehemu ya picha za habari, na huko, chini ya picha, mara nyingi utakuta jina, mahali, tarehe na mpiga picha. Ni kuchuja na kusoma.

Na ninyi vijana wenye kamera, mnaopandisha kazi zenu huko kutoka Tanga, Kigoma na Lamu: nafasi ya maelezo ipo, ijazeni. Mwulizeni mtu jina lake kabla hamjaagana, na jina la baba yake, na kijiji chake, myaandike siku hiyohiyo. Wajukuu wake watakuja kumtafuta, na hawatakuwa na kitu kingine cha kumtafutia.